Eropleni Baina ya Johannesburg na Perth

Mtu aendaye sokoni kwa miguu hutumia muda ule ule kwenda na kurudi, isipokuwa akirudi na mzigo kichwani. Eropleni sivyo. Kutoka Johannesburg katika Afrika ya Kusini mpaka Perth, mji ulio upande wa magharibi wa Australia, ni mwendo wa maili 5,160 hivi, yaani kilometa 8,300. Kwenda Perth huchukua muda wa saa 9 na nusu hivi. Kurudi Johannesburg huchukua karibu saa 11. Yafaa tueleze sababu yake.

Sababu ni upepo. Kusini mwa Bahari ya Hindi, juu sana zipitapo eropleni, upepo huvuma kutoka magharibi kwenda mashariki karibu mwaka mzima, na pengine mwendo wake hupita maili 100 kwa saa. Watu wa pwani hawatastaajabu, maana mababu zao waliungoja upepo kabla ya kutweka tanga. Ila kaskazi na kusi hupokezana kwa majira, na huu wa magharibi haubadiliki hivyo. Tuseme eropleni yaweza kwenda maili 560 kwa saa pasipo upepo, na upepo ni maili 50. Ikienda mashariki itapata maili 610 kila saa; ikirudi, 510 tu. Piga hesabu mwenyewe: kwenda ni saa 8 na dakika 28, kurudi ni saa 10 na dakika 7, bila kuhesabu muda unaopotea katika kupaa na kutua.

Wala jambo hili si la kuchelewa tu. Chukua chungwa, utie alama mbili zilizo mbalimbali chini ya kiuno chake, kisha ukaze uzi baina yake. Uzi hushika njia iliyo fupi, nayo hupinda kuelekea chini, si kama mstari unyoshwao juu ya ramani. Vivyo hivyo njia fupi baina ya miji hii hushuka kusini na kupita karibu na kisiwa cha Amsterdam, milki ya Ufaransa, wakaapo wataalamu wachache, wala hakuna kiwanja cha ndege. Kwa hiyo kabla ya kuondoka Perth mafuta hupimwa kwa kufuata upepo wa siku ile, pamoja na akiba ya kuifikisha eropleni mahali pa kutua ikiwa injini moja itazimika katikati ya bahari. Upepo ukiwa mkali mno, rubani huzunguka upande wa kaskazini kuukwepa. Maili huongezeka, lakini huenda akafika upesi zaidi.

Kampuni ya Qantas ilipoanza safari hizi mwaka 1952, eropleni za siku zile hazikuweza kuvuka kwa mkupuo mmoja. Zilipitia visiwa vya Cocos na Mauritius.

Msafiri asisahau saa yake, maana Perth hutangulia Johannesburg kwa saa 6. Aondokaye Johannesburg saa 3 usiku, akikaa angani saa 9 na nusu, hushuka Perth saa 6 na nusu mchana. Aondokaye Perth saa 5 usiku, akikaa angani saa 11, hushuka Johannesburg saa 10 alfajiri, na ndugu zake waendao kumlaki hawana budi kuamka usiku.