Samaki wa Bwawani Asitoroke Mtoni

Mkulima wa Kambu mwenye bwawa la samaki, usidhani kwamba ngege wote ni wa aina moja. Wanafanana kwa macho, lakini asili zao ni mbalimbali.

Aliyechunguza sana jambo hili ni Bibi Rosemary Lowe, Mwingereza. Alianza Ziwa Nyasa mwaka 1945, kisha akahamia kituo cha utafiti cha Jinja, Uganda. Mwaka 1953 aliolewa, na sheria ya wakoloni ikamlazimisha kuacha kazi. Hata hivyo hakuacha uchunguzi. Mwaka 1955 alitangaza ngege wa Ziwa Jipe, kule Taveta, kuwa aina ya pekee. Alifariki mwaka 2014. Mwaka huohuo wataalamu walitangaza ramani ya urithi wa ngege wa Nile. Siku hizi kipimo cha urithi huonyesha damu iliyochanganyika, hata macho yakishindwa.

Ngege wa Nile akitoroka, huweza kuzaana na wenyeji wa mto na kuipoteza mbegu yao. Nawe ujue kuwa maji ya huku huishia Mto Athi. Kwa hiyo:

1. Ziba kwa wavu mahali maji yanapotokea bwawani.
2. Usimwage vifaranga vya samaki mtoni.
3. Ukinunua vifaranga, uliza aina yake.

Mbegu ya mto ikipotea, hakuna duka liiuzalo.