KIBALI CHA KAZI NI NGAO YA MFANYAKAZI

Ndugu wafanyakazi,

Kila mwaka vijana wetu wa Nyamugari, ile ya Gitega na ile ya Muyinga, hufunga mizigo kwenda kutafuta kazi ng'ambo ya mpaka. Wengi hupitia Kobero kuingia Ngara, kulima mashamba ya watu. Wengine ni mafundi, walimu na wauguzi. Safari hizi hazikuanza leo. Wakati wa ukoloni babu zetu walikwenda Buganda kulima pamba, na Tanganyika kukata mkonge, ambako waliitwa manamba.

Siku hizi mpaka umelegea. Burundi iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, na Itifaki ya Soko la Pamoja ilianza kutumika tarehe 1 Julai 2010. Raia wa nchi mwanachama hupewa pasi ya kuingia na kukaa hadi miezi sita. Hapo ndipo wengi wanapopotea. Wakiona muhuri wa Uhamiaji, hudhani wameruhusiwa kufanya kazi. Sivyo! Pasi ile ni ya mgeni, si ya mfanyakazi.

Mwajiri mnyonyaji analijua jambo hilo vizuri. Mtu analima msimu mzima, na siku ya kudai ujira anaulizwa: "Kibali chako kiko wapi?" Akiendelea kudai anatishiwa polisi. Anarudi nyumbani mikono mitupu, jasho lake limeliwa na mwingine.

Basi sheria inasemaje? Kwa mujibu wa Itifaki, mwenye mkataba wa zaidi ya siku 90 aombe kibali cha kazi ndani ya siku 15 za kazi tangu kufunga mkataba. Serikali inayohusika itoe jibu ndani ya siku 30, na kibali cha kwanza huweza kufika miaka miwili. Mwenye mkataba usiozidi siku 90 huomba pasi maalum. Na mfanyakazi huyo ana haki ya kujiunga na chama na kupata hifadhi ya jamii.

Lakini milango hiyo haikufunguliwa sawa kwa wote. Kila nchi iliandika orodha ya kazi inazowafungulia raia wa nchi wenzake. Katika orodha ya Tanzania wanaotajwa ni watu wa taaluma na ufundi. Kibarua wa jembe hatajwi. Yeye anabaki chini ya sheria ya Tanzania ya mwaka 2015 ya ajira za wageni. Sheria hiyo inataka mwajiri amwombee mfanyakazi kibali kwa Kamishna wa Kazi. Kibali ni cha miezi 24, na huweza kuongezwa, lakini kwa muda wenye ukomo. Juu yake kinatakiwa kibali cha ukaazi kutoka Uhamiaji. Bila kibali cha kazi, mwajiri na mfanyakazi wote wana hatia, lakini anayefukuzwa nchini ni mmoja tu.

Kwa hiyo, ndugu, kabla ya kuvuka mpaka fanya haya:

1. Dai mkataba wa maandishi, wenye jina la mwajiri, ujira na muda wa kazi.
2. Uliza nani anaomba kibali, na uone karatasi yenyewe. Ahadi ya mdomo haitoshi.
3. Usimwachie mtu hati yako ya kusafiria. Acha nakala yake nyumbani, pamoja na nakala ya mkataba.
4. Ukifika, tafuta chama cha wafanyakazi cha huko.

Na sisi wa vyama tuna deni letu. Shirikisho la vyama vya wafanyakazi vya Afrika Mashariki lipo Arusha, nasi tuna sauti ndani yake kupitia COSYBU. Hapana budi tuendelee kudai kwamba mlango uliofunguliwa kwa mhandisi ufunguliwe na kwa mkulima wa kibarua. Jasho la wote wawili ndilo linalojenga Jumuiya hii.

Umoja ni nguvu!