Kumkanda Mtoto Mwenye Selimundu

Asubuhi za Juni na Julai huwa na baridi Kawajense, kata iliyomo ndani ya Manispaa ya Mpanda, mkoani Katavi. Kwa watoto wengi ni baridi ya kuvaa sweta na kwenda shule. Kwa mtoto mwenye selimundu, au sikoseli kama wengi wanavyoiita mitaani, baridi hiyo inaweza kuamsha maumivu ya mifupa yatakayomlaza siku kadhaa.

Chembe nyekundu za damu yake, zikipungukiwa oksijeni, huwa ngumu na kupinda kama mundu. Hukwama kwenye mishipa midogo, na sehemu isiyofikiwa na damu huanza kuuma: mgongo, kifua, miguu. Kwa mtoto mchanga, dalili ya kwanza mara nyingi ni viganja na nyayo kuvimba. Baridi, kukosa maji, homa, malaria na uchovu vyote huweza kuchochea maumivu.

Tanzania inakadiriwa kupata watoto wapatao 11,000 wenye ugonjwa huu kila mwaka. Utafiti wa watoto wachanga wa kaskazini-magharibi mwa nchi, yaani Kanda ya Ziwa, uliochapishwa mwaka 2018, ulionyesha kwamba karibu mmoja kati ya watano alibeba kinasaba chake. Jambo hilo linaigusa Katavi, kwa kuwa familia nyingi za Kanda ya Ziwa zimehamia huku na mifugo yao na kufungua mashamba.

Maumivu yakianza, mzazi ana mengi ya kufanya kwa mikono yake, sambamba na dawa.

La kwanza ni kumkanda. Taulo huchovywa kwenye maji ya moto, hukamuliwa, kisha mama hulijaribu kwenye ngozi ya ndani ya mkono wake kabla ya kuliweka juu ya goti la mtoto. Likipoa, analirudia. Joto hutanua mishipa na kulegeza misuli iliyokakamaa. Barafu haitakiwi kabisa, kwa sababu ubaridi hubana mishipa ile ile iliyoziba. Kumchua taratibu mgongoni au miguuni pia humpa nafuu, ila si mahali palipovimba.

La pili ni kuituliza akili. Mtoto anayeogopa hukaza mwili na maumivu humzidi. Avute pumzi polepole kwa pua, aitoe kwa mdomo kana kwamba anapuliza puto. Bibi amsimulie hadithi, kaka amwimbie, au awekewe katuni kwenye simu. Wakati huohuo anywe maji kidogo kidogo, mara kwa mara.

Mwaka 2020 chama cha wataalamu wa magonjwa ya damu cha Marekani kilipendekeza kuchua mwili, yoga na mazoezi ya kutuliza mwili na akili yaongezwe kwenye tiba ya maumivu ya ghafla ya selimundu. Ushahidi bado ni mwembamba, na neno kubwa hapo ni kuongezwa. Paracetamol na dawa nyingine alizoelekezwa mtoto hutolewa mapema, kwa kipimo cha uzito wake. Maumivu makali yanahitaji hospitali, ambako morfini inaweza kutumika kwa usalama. Ipo pia haidroksiyurea, dawa ya kila siku: utafiti wa watoto 606 nchini Angola, Kongo, Kenya na Uganda, uliochapishwa mwaka 2019, ulionyesha kwamba inapunguza maumivu, malaria na vifo.

Hatari huanza pale mtoto anapochanjwa chale au kunyweshwa mitishamba isiyojulikana kipimo. Chale hufungua mlango wa maambukizi kwa mwili ambao kinga yake tayari ni dhaifu, na baadhi ya mizizi inaweza kuumiza figo na ini. Anayetumia dawa ya kienyeji amwambie daktari bila kuficha.

Kukanda kusimcheleweshe mtoto mwenye homa ya nyuzi 38 au zaidi, anayepumua kwa shida au kuumwa kifua, mwenye tumbo lililovimba ghafla upande wa kushoto, aliyepauka sana, au aliyelegea upande mmoja wa mwili. Huyo apelekwe Hospitali ya Rufaa ya Mkoa wa Katavi au kituo cha karibu saa hiyohiyo, hata kama ni usiku.

Mwalimu wa darasa wa mtoto mwenye selimundu naye aambiwe mapema: amruhusu kunywa maji na kwenda chooni wakati wowote, asimpe adhabu ya kukimbia, na ajue namba ya simu ya mzazi.