Jiko la mkaa: Kasoro ambayo udongo haukuiondoa

KIPUPWE kinapoingia katika nyanda za juu za Ufipa, jiko la mkaa huongezewa kazi ya pili. Sumbawanga mjini, na hata huko Msanzi, wilayani Kalambo, baridi ya Juni na Julai huwa kali, na baada ya chakula cha usiku jiko lenye makaa mekundu huingizwa chumbani ili watu waote moto. Hapo ndipo kasoro ya umbo lake inapogeuka kuwa hatari.

Jiko la bati tupu lina upungufu unaojulikana na kila mpishi. Bati ni jembamba, hivyo joto jingi hupotelea ubavuni kabla ya kufika kwenye sufuria, nalo jiko lenyewe huunguza mikono na kuoza kwa kutu.

Nchini Kenya, mapema katika miaka ya 1980, wataalamu na mafundi walichukua mfano wa jiko la ndoo la Thailand wakaweka udongo wa kuchoma ndani ya bati. Matoleo ya mwanzo hayakufaulu sana: yaliyumba sufuria nzito ilipokorogwa, na udongo ulipasuka. Baada ya kusikiliza malalamiko ya wanawake waliolitumia, mafundi walilipa umbo la kiuno chembamba na kubakiza udongo katika nusu ya juu tu. Jiko hilo, ambalo baadaye lilienea hadi Tanzania, hupunguza mkaa kwa takriban theluthi moja hadi nusu.

Hata hivyo, ubora wake hutegemea mikono miwili, ya mfinyanzi na ya fundi bati. Bati hutanuka zaidi ya udongo linapopata moto. Udongo usioiva vizuri tanurini, au saruji hafifu katikati yake, huachia mapema. Mnunuzi sokoni hawezi kuliona hilo, kwa kuwa rangi hufunika yote.

Lakini kasoro kubwa zaidi haikuguswa. Jiko hilo halina bomba la kutolea hewa chafu. Mkaa unapoungua bila hewa ya kutosha hutoa gesi ya kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu, ambayo hushikamana na damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Kufunga mlango wa majivu ili makaa yadumu hadi usiku wa manane huzidisha gesi hiyo. Makaa yasiyotoa moshi hudhaniwa kuwa salama, kumbe sivyo.

Inashangaza kidogo kwamba hayo yanatokea Ufipa. Wahunzi wa Kifipa wa zamani walijenga malungu, tanuri ndefu za kuyeyushia chuma ambazo, kwa urefu wake na matundu ya chini, zilivuta hewa zenyewe bila mivukuto. Jiko la leo ni fupi mno kufanya hivyo, ndiyo maana hupepewa.

Kuacha dirisha wazi kidogo hakutoshi kumlinda aliyelala. Jiko liwashwe nje, na lisiingizwe chumbani hata makaa yakiwa yamefunikwa majivu. Maumivu ya kichwa, kizunguzungu na kichefuchefu kwa watu kadhaa wa chumba kimoja ni dalili za sumu hiyo. Watolewe nje mara moja na kufikishwa hospitali.