Kichwa Kinachouma Bila Jeraha

Hapa Keroka, mpakani mwa Kisii na Nyamira, nimewasikia wanafunzi waliolemewa na sonona, ile huzuni isiyoondoka kwa majuma, wakisema tu: "Mwalimu, kichwa kinaniuma." Hawasemi uongo. Neno jingine walilo nalo ni wazimu, nalo nani analitaka? Abagusii walikuwa na ababari, mafundi waliopasua fuvu kutibu maumivu ya kichwa yaliyofuata jeraha. Sonona haihitaji kisu, wala aspirini haiiponyi. Hutibiwa kwa mazungumzo na mshauri aliyefunzwa. Ikizidi, kwa vidonge ambavyo huchukua wiki kadhaa kuleta nafuu. Wengi huviacha wiki ya pili, wakidhani wamedanganywa. Basi, mwalimu mwenzangu, ukiambiwa mara ya tatu kwamba kichwa kinauma, uliza pia habari za usingizi.