Samaki Mkubwa Asiyekula Watu

Sisi watu wa Izia na Sumbawanga tukitajiwa samaki, mara twafikiri migebuka na dagaa wa Kasanga na Kipili. Kumbe wako watu wasafirio mbali ili kumtazama samaki tu, wasimle! Usicheke kwanza, sikiliza.

Samaki huyo ni papa potwe wa kisiwa cha Mafia, katika Bahari ya Hindi. Ndiye samaki mkubwa kuliko wote duniani. Akikomaa aweza kufika urefu wa basi kubwa. Walakini mtu hamdhuru. Chakula chake ni vidudu na kamba wadogo mno, ambao huwachuja majini huku kinywa kikiwa wazi. Mgongo wake una madoa meupe, na kila potwe ana mpangilio wake wa madoa. Kwa hiyo wataalamu huwatambua mmoja mmoja, kama sisi tutambuanavyo kwa sura.

Ukitaka kumwona, nenda kati ya Oktoba na Machi. Panda basi mpaka Dar es Salaam, kisha shika njia ya kusini hadi Nyamisati, wilaya ya Kibiti. Hapo utapata chombo cha kukuvusha mpaka Kilindoni, mji mkubwa wa Mafia. Potwe huja karibu na pwani hiyo, na wenye mashua watakupeleka. Ukimkuta, usimguse, usimpande mgongoni, wala usimzibie njia. Mwenye mashua naye apunguze mwendo, maana mapanga ya injini humjeruhi.

Labda utauliza: Kuna faida gani kutazama samaki usiyemla? Basi, tufanye hesabu. Potwe hukawia sana kukua. Hupita miaka zaidi ya 20 kabla hajazaa. Akiuawa, huliwa mara moja, habari yake imekwisha. Akiwa hai, kila msimu huwaletea riziki wenye mashua, wapishi na wenye nyumba za wageni. Ndiyo maana mvuvi mwenye busara, akimkuta amenaswa wavuni, humfungulia aende zake.

Fundisho hilo latuhusu na sisi. Mwaka 2024 Serikali ilisimamisha uvuvi katika Ziwa Tanganyika, upande wa Tanzania, tangu 15 Mei hadi 15 Agosti, ili samaki wazaliane. Miezi mitatu si michache kwa nyumba ya mvuvi, hilo tusilifiche. Lakini ziwa likiisha samaki, njaa yake haitakuwa ya miezi mitatu. Basi, tuwape samaki nafasi ya kuzaa, nao wana wetu watakula.