Shaba yenye kupanguswa kila mwaka

Wandugu wa mugodi, kule New York kuko tajiri wa majumba, Aby Rosen, mzaliwa wa Frankfurt, Ujerumani. Kazi yake ni kununua majumba ya zamani yenye sifa, kuyatengeneza na kuyapangisha bei kali. Lever House ya 1952, chuma chake kilipata kutu na vioo vikapasuka, vyote vikabadilishwa. Mwaka 2000 yeye na wenzake wakanunua Seagram, dola milioni 375. Uso wake ni bronzi, na sehemu kubwa ya bronzi ni shaba. Isipopanguswa na kupakwa mafuta kila mwaka, inageuka kijani. Wenye kuipangusa ni wafanyakazi kama siye. Basi tunauliza: shaba inatunzwa hivi, na nyumba zetu za kampi zenye kuvuja, nani atazitengeneza?